Theluji ya Salem

Siku niliyotoka eda, mwanangu Hamdan alikuja na mtu wa kuipima friza yangu.

Si kuipima baridi, la. Kuipima upana, aone kama itapita mlangoni. Mimi nimeshaoga, nimevaa leso mpya, nateremka ngazi polepole nikimshukuru Mungu kwamba nitauona tena mtaa, mara namkuta mwanamume nisiyemjua kapiga magoti chumba cha chini na utepe wa fundi cherehani mkononi. Nikamuuliza, "Wewe, wampimia nani sanda?" Maskini wa Mungu aliruka akajigonga kichwa kwenye dirisha.

Dirisha hilo ndilo duka langu. Linatazama kichochoro, hapa hapa Mji wa Kale, katika nyumba aliyoijenga babu yangu na niliyozaliwa mimi. Nauza barafu za vifuko: za ukwaju, za ubuyu, za maziwa na iliki. Watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani hujazana hapo wakipiga kelele, nami huwafokea, nao hawaniogopi hata kidogo. Friza yenyewe aliniletea mume wangu Salem, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa fundi wa mafriji. Aliikuta imetupwa, mzoga mtupu, akaifufua kwa mikono yake, akanipa mwaka niliomzaa Hamdan. Barafu za friza hiyo ndizo zilizomsomesha huyo huyo aliyeniletea mtu wa kuipima.

"Mama," akasema Hamdan, "tumeshakubaliana utahamia kwetu Kizingo."

"Tumekubaliana nani na nani?"

"Mimi na Shahd." Shahd ndiye mkewe.

"Basi nyinyi mmeshahamia. Hongereni."

Hakucheka. Mwanangu akivaa ile saa yake kubwa huwa hacheki. Ana kampuni ya kutoa mizigo bandarini, amezoea kuwaambia watu kontena hili liende huku na lile liende kule, na siku hiyo aliniona mimi kontena. Akanihesabia: nina presha, magoti yangu yamekwisha, nyumba ina ngazi nyingi, na watu watasema amemtupa mamake. Kizingo nitapata chumba changu cha chini na msichana wa kunipikia. Friza ameshampata wa kumpa.

Kizingo nakujua. Ni pazuri, kuna miti na kivuli, na kumenyamaza kama msikiti baada ya swala. Lakini huko watu hawatembei, hutoka na magari kwenye mageti yao. Nani atakuja kupiga hodi kwenye geti la umeme ataka barafu ya ukwaju? Nikaona siku zangu zote zilizobaki, nimekaa kitini, nimeletewa uji, nauliza saa ngapi. Nilishikwa na woga, wallahi, kuliko siku aliyokufa Salem.

Alasiri jamaa walikuja kwa khitma. Baada ya dua na kahawa, Hamdan akasimama kuwatangazia kwamba mama yuahama. Hakuniuliza tena. Wajomba wakatikisa vichwa wakisema mashallah, mtoto mwema huyu. Nikasema mimi siendi. Hamdan akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniudhi, akasema mbele ya watu wote, "Mama, hata ngazi za nyumba zakushinda."

"Ngazi?" nikasema. "Mimi nitapanda mlima!"

Sikulitunga neno hilo, lilinitoka. Lakini lilikuwa na asili yake. Miaka yote ya ndoa yetu mimi na Salem tulibishana jambo moja. Mimi nilisema theluji ni ile ile nyeupe inayoganda ukutani mwa friza, ambayo mimi huikwangua kwa mwiko kila Alhamisi. Salem alisema la, ile ni barafu iliyozeeka, theluji ni laini. Mimi nasema, "Laini umeishika wapi wewe, Makupa?" Yeye asema, "Iko Mlima Kenya, nchi yetu wenyewe. Iko siku nitakupeleka uishike, ndipo utanyamaza." Akafa hajanipeleka, nami sijanyamaza.

Na siku hiyo ya khitma, mwalimu alipomuombea, alimuomba Mungu amuoshe Salem kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Dua hiyo nimeisikia tangu utoto. Kila maiti wa mji huu huombewa theluji, na sisi tunaoitikia amina hakuna hata mmoja aliyeiona. Mume wangu walimuosha wanaume, wakamswalia wanaume, wakamchukua wanaume. Mimi nilibaki juu, nimeshika shuka lake. Nikawa nimekaa eda nawaza: mimi nitamfanyia nini?

"Salem aliniahidi theluji," nikawaambia wale jamaa. "Nitakwenda niishike, na nitashuka kwa miguu yangu. Nikifanya hivyo, Hamdan, utaniacha na nyumba yangu na friza yangu, na usinitajie tena Kizingo. Nikishindwa, nikaletwa nimebebwa, nichukue unipeleke utakako."

Mjomba mmoja akasema hiyo kamari. Hamdan akacheka. "Si kamari, mjomba, ni sharti la mama na mwana. Nimekubali. Tena safari nitaitengeneza mimi mwenyewe, gari langu, waongozaji, kila kitu. Siku moja, kupanda na kushuka."

Nikasema moyoni, kumbe mtoto ana moyo wa babake. Nilikuwa mjinga.

Rafiki yangu Mbodze alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Mbodze ni jirani yangu, Mgiriama wa Kaloleni, mstaafu wa forodha, na ulimi wake bado wakagua mizigo. Lakini alfajiri ya kesho yake alikuwa mlangoni, amevaa raba. Tukatembea mpaka ufukweni Mama Ngina kabla wauza mihogo hawajawasha jiko, tukarudi, na kila siku tukaenda mbele zaidi. Tukateremka na kupanda Ngazi za Leven kule majini, mara nyingi sana, mpaka wavulana wanaooga pale wakatuuliza tumepoteza nini. Magoti yalilia, nikayaambia nyamazeni.

Na kwa kuwa mwalimu wa baridi nilikuwa naye nyumbani, kila jioni niliitia mikono yangu ndani ya friza nikaiacha humo nikisoma Alhamdu. Mbodze akasema, "Shoga, tutakukuta hapa umeganda kama jodari."

Siku ya kuondoka nilitia mwiko wangu wa kukwangulia kwenye mkoba. Mbodze alikaa dirishani pangu auze barafu mpaka nirudi. "Nenda," akaniambia. "Hapa haiingii roho ya mtu bila ya kunipita mimi."

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, vuli ndiyo kwanza ianze. Tulilala Nanyuki, na asubuhi, bado kuna kiza, gari likatupandisha mpaka mahali barabara ilipokwisha, juu kabisa mwa msitu. Nilishuka nikadhani nimepigwa kofi. Baridi ya friza unaifunga kifuniko. Hii haikuwa na kifuniko.

Waongozaji walikuwa wawili, Kenneth na Joy, watu wa huko huko mlimani. Kenneth, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufi, akanipa mkono akasema, "Karibu, shosho." Hilo ndilo neno lao la bibi.

"Shosho ni mamako," nikamwambia. "Mimi ni Bi Swabaha."

Joy akageuka upande akaficha kicheko. Msichana yule nilimpenda hapo hapo.

Nilivaa suruali mbili za sufi chini, buibui juu nimelipandisha na kulifunga kiunoni, viatu vya bintiye Mbodze, na shali ya Salem kichwani. Hamdan alivaa kila kitu kipya, rangi ya chungwa toka juu mpaka chini, kama boya la bandarini. Tukaanza kupanda. Miti ya huko imefuga ndevu, ndevu za kijani zinazoning'inia, nami kila nikipita chini yake nasema asalamu alaikum, maana ni watu wazima. Kenneth alinifundisha hatua ndogo ndogo, pumua, hatua, pumua. Nikamwambia ndivyo nilivyopanda ngazi za nyumbani mwaka wote wa ujauzito.

Tulipopumzika mara ya kwanza nikamuuliza, "Theluji tutaifikia saa ngapi?"

Kenneth akanitazama, kisha akamtazama Hamdan. "Theluji? Bi Swabaha, theluji iko kule vileleni. Ni safari ya siku kadhaa, mtu alale juu. Safari ya siku moja haifiki. Huyu bwana nilimwambia kwenye simu, akasema yuajua, ni sawa."

Nikamgeukia mwanangu. Alikuwa akitazama viatu vyake vipya.

"Hamdan. Ulijua?"

"Mama, nilitaka utembee kidogo, ufurahi, urudi nyumbani salama. Sikutaka ubishi. Nilikuogopea."

"Ulinichagulia mlima usio na theluji!"

"Mama, presha yako."

"Iache presha yangu! Presha yangu ni wewe!"

Ndege waliruka mitini. Sijawahi kukasirika hivyo, hata siku aliyouza baiskeli ya babake. Mtoto niliyempangusa pua amekaa na akili zake, akanifanyia hila kama anavyowafanyia wale wenye makontena, kisha akajiita mwema. Machozi yalinitoka kwa hasira na yalikuwa ya moto. Hamdan akasema, "Haya, basi, si tumeshaona mlima? Turudi tukanywe chai."

"Tupande," nikasema.

"Mama, hakuna theluji!"

"Hata isipokuwepo. Nilisema nitapanda."

Joy akamwambia mwenzake maneno kwa lugha yao. Kenneth akakuna kidevu. Kisha akanigeukia, na safari hii alizungumza nami, si na Hamdan. "Joy amenikumbusha kitu. Usiku wa jana ilianguka, na ilishuka chini kuliko kawaida. Mwaka huu imewahi. Watu waliotoka juu wanasema waliiona juu tu ya kinamasi kilicho mbele yetu. Lakini jua likiiwahi, hamtaikuta. Na mimi adhuhuri ikifika lazima nigeuze, uwe umefika au hujafika. Huko alasiri hali ya hewa haina rafiki."

"Basi mbona tumekaa?" nikasema, nikatangulia.

Hicho kinamasi sitakisahau. Ni mteremko wa tope na manyasi yaliyosimama mafungu mafungu, na kila ukikanyaga mlima wataka kukuvua kiatu. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka. Ukungu uliingia, ukatoka. Kila jua lilipochungulia nililiambia, rudi ndani wewe, bado. Kifua kilikuwa kinawaka na masikio yanavuma. Lakini miguu ilikwenda. Miguu ilikuwa na habari za Ngazi za Leven.

Hamdan ndiye aliyekaa chini.

Nilisikia akitapika, nikageuka. Kijana wangu, na zile nguo zake za chungwa, alikuwa amekumbatia kichwa, uso umekuwa rangi ya majivu. Nilishuka mbio nilikotoka kupanda kwa taabu. Kenneth alimpima macho, akamuuliza hili na lile, akasema ni mlima tu umemkataa, hutokea, na wenye nguvu ndio hasa, kwa kuwa hupanda kwa pupa. Dawa yake ni kushuka. Akishuka mpaka kwenye gari atakuwa mzima.

"Mimi nitamshusha," akasema Kenneth. "Joy anaweza kwenda nawe mbele, au sote tushuke. Amua wewe."

Hamdan akanishika buibui. "Mama, usiniache."

Niliumia. Sitasema sikuumia. Mkono ule niliujua ulipokuwa mdogo kuliko kijiko. Nilipiga magoti kwenye tope, nikaivua shali ya Salem nikamfunga kichwa, nikabaki na mtandio, nikampa tangawizi atafune. Na moyo wangu ulikuwa umeshageuka, nakwambia kweli, umeshaanza kushuka. Mama ni mama.

Ndipo akasema, "Turudi nyumbani, mama. Nitakupeleka Kizingo upumzike."

Hata hapo! Hata katikati ya matapishi!

"Hamdan," nikamwambia, "wewe una mtu wa kukushika na kichwa kitapona. Ingekuwa waumwa kweli, ningekubeba mgongoni mimi, na sharti lingekufa hapa. Lakini huumwi, umeshindwa. Kushindwa hakuui. Nilikaa eda nimefunga mlango, sikufa. Shuka, mwanangu. Mimi nina ahadi na babako."

Nikamkabidhi kwa Kenneth, nikambusu paji la uso, nikageuka. Nilisikia akiita mara mbili. Sikutazama nyuma, kwa kuwa ningetazama ningekwenda.

Joy alikuwa mbele na mimi nyuma. Kinamasi kikaisha, pakafunguka uwanda wa manyasi na mimea mirefu ya ajabu, imesimama peke yake peke yake kama watu wanaongoja swala ikimiwe ianze. Nikatazama huku na huku. Majani ya kijani na kahawia tu. Jua lilikuwa limetoka na lilikuwa kali. Nikasema, imekwisha. Imeyeyuka. Salem, nimechelewa.

Joy akanishika mkono wa buibui. "Bi Swabaha, njoo upande wa kivuli."

Kulikuwa na mwamba mkubwa, na nyuma yake, pale jua lisipofika, nyasi zote zilikuwa nyeupe.

Sikupiga kelele. Nilisema bismillahi nikatoa mwiko wangu mkobani, nikauinua kwa nguvu zangu zote, kama ninavyoikwangua friza Alhamisi, nikapiga. Mwiko ukazama wote. Nikapepesuka, nikaanguka kifudifudi, mikono mpaka viwiko ndani ya kitu chepesi kama unga wa mchele uliochekechwa sasa hivi.

Laini.

Nilikaa hapo hapo nikacheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka. "Salem, umenishinda! Laini, wallahi, laini! Umenishinda, mzee wee!" Nilikuwa nikipiga kelele kwa sauti ya dirishani, ile ya kuwafukuza watoto, na mlima wote wanirudishia. Joy alikuwa amekaa kwenye jiwe, naye alikuwa anafuta macho. Miaka yote ile ya ubishi, na leo ninayetaka kumwambia umeshinda hayupo. Lilinichoma hilo, lakini nililisema hivyo hivyo, tena kwa nguvu, alisikie aliko.

Nilitawadha kwa theluji. Nilijisugua mikono na uso mpaka nikashika moto. Nikaswali rakaa mbili juu ya koti la Joy, kisha nikainua mikono nikamuombea mume wangu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kungoja mtu anisomee niitikie. Nikamwambia Mungu, muoshe kwa hii. Sasa najua ninachokuomba. Nikaijaza chupa yangu ya chai, nikaishindilia kwa ule mwiko usiokuwa na kazi nyingine.

Nilipofunga kifuniko kitu kikanigusa pua. Kisha kingine. Jua lilikuwa limekwenda, na theluji ilikuwa inashuka yenyewe toka mbinguni, kimya, ikitua kwenye buibui langu jeusi.

"Twende, Bi Swabaha," akasema Joy. "Sasa ni mbio."

Kushuka ndiko kulikotaka kuniua. Magoti yaligoma. Katika kile kinamasi nilikuwa nikiteleza kuliko nilivyokuwa nikitembea, na theluji inanifuata mgongoni. Joy akainama mbele yangu. "Panda mgongoni, nikubebe kidogo tu. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi," nikamwambia. "Na wewe utajua, na ulimi una mifupa?"

Basi palipokuwa hapapitiki kwa miguu nilikaa nikateleza kwa makalio. Sharti lilisema nisibebwe, na makalio ni yangu pia. Joy aliteleza nyuma yangu akicheka, tope mpaka masikioni, na hivyo ndivyo tulivyoshuka Mlima Kenya.

Hamdan alikuwa ndani ya gari, mzima, shali ya babake bado kichwani. Aliponiona nikitoka mitini natembea, alifungua mlango akaja akanikumbatia, tope na yote. Nami sikumwambia nimeshinda. Nilidhani halina haja ya kusemwa.

Mwenye hoteli Nanyuki aliniwekea chupa katika friza yake usiku huo, na kesho yake tukarudi. Hamdan aliendesha mpaka Makupa. Tulipovuka kuingia kisiwani, simu yangu ikalia. Ilikuwa Mbodze. "Shoga, fanya haraka. Kuna mkokoteni mlangoni na wanaume wawili wasema wametumwa kuchukua friza. Mimi nimekaa juu yake."

Nikamtazama Hamdan. Alishika usukani akatazama mbele.

"Niliwaambia waje leo," akasema polepole. "Kabla hatujaondoka. Sikudhani ungeiona theluji, mama. Nilisahau kuwakataza."

"Basi utawakataza sasa."

Alipiga kona ya kuingia mtaani.

Kichochoro kilikuwa kimejaa. Mkokoteni umeziba njia, watoto wa chuoni wamepanda juu yake, na chumba cha chini Mbodze amekaa juu ya friza, miguu inaning'inia, analamba barafu ya ubuyu huku akiwauliza wale wanaume kama wana risiti. Nikaingia nikasimama. Watu wote wakamtazama Hamdan, kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba.

"Waambie," nikasema.

Hamdan akajikuna shingo. "Mama, tuzungumze ndani. Sharti lile lilikuwa maneno tu, ulikuwa na huzuni, mimi nilitaka tu kukutuliza. Nimeona umeweza, nakuvulia kofia. Lakini bado nakuogopea. Mtu umri wako, peke yako..."

Nilikuwa na la kumjibu, refu, nimelitunga tangu Makupa. Lakini nilipofungua mdomo halikutoka hilo. Niliona kitu ambacho hata mlimani sikukiona. Nyumba ya babu yangu. Friza yangu. Dirisha langu. Nami nilikwenda nikapanda mlima, nikagaagaa kinamasini, ili mtoto niliyemzaa aniruhusu kubaki navyo! Nani alimpa ruhusa ya kuitoa ruhusa hiyo? Mimi. Siku ile ya khitma niliitia mikononi mwake mbele ya watu, mwenyewe, kwa hasira.

Nikampita. Nikawaendea wale wanaume. "Baba zangu, poleni kwa usumbufu. Friza haiuzwi wala haitolewi. Mwenyewe ni mimi, na mimi hamkuniuliza. Utoeni mkokoteni, mmewazibia watu njia."

Wakamtazama Hamdan.

"Mwamtazama nini yeye?" nikasema. "Yeye ni mgeni hapa."

Mbodze akapiga kigelegele, barafu ikamponyoka. Mkokoteni ukatoka kinyumenyume, watoto wanausukuma kama wafanya harusi. Nilipogeuka Hamdan alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, mkubwa wa watu, na shali ya babake shingoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa siku alipokuwa mdogo akashindwa mpira, akaja kusimama karibu nami bila kusema.

"Mama," akasema, "koo limenikauka. Nipe ya ukwaju."

"Pita nje," nikamwambia. "Wateja husimama dirishani."

Alinitazama aone kama natania. Sikuwa natania. Akatoka, akazunguka, nikamuona amejipanga nyuma ya watoto wa chuoni, saa yake kubwa na yote, anasukumwa na vitoto visivyomfikia kiuno. Nikainua kifuniko cha friza. Nikaifungua chupa ya chai, nikaimimina theluji ya Salem, iliyobaki nyeupe na iliyokuwa imeshakuwa maji, yote ndani ya mfuko mmoja safi, nikaufunga fundo, nikaulaza chini kabisa penye baridi kuu. Kisha nikauza. Ukwaju, ubuyu, ubuyu, maziwa.

Zamu ya Hamdan ikafika. Nikampa yake. Akailipa. Akachungulia kwa dirisha akauona ule mfuko kabla sijafunga kifuniko.

"Na ile nyeupe?"

"Ile ni ya babako. Ijumaa tutampelekea kaburini, mimi na wewe."

Akafungua mdomo. Najua alichotaka kusema, kwetu wanawake hatwendi huko. Akautazama uso wangu, uliobabuka kwa baridi, akaufunga.

"Ijumaa saa ngapi, mama?"

"Baada ya swala. Na ukichelewa nitatangulia. Haya sogea, kuna watu nyuma yako."